Mita Mia Nane hadi kwa Huhana

Kwa miaka kumi na moja Raiha Paenga aliiandikia halmashauri ya wilaya barua sitini na tatu, na zote zilihusu jambo moja: njia za waenda kwa miguu za mji wa Orangitea. Aliandika kwa mkono, kwa wino mweusi, na mara nyingine kwa maneno ambayo marehemu mama yake asingependa kuyasoma. Barua ya tisa ilihusu ukingo wa zege kwenye kona ya posta, ulioinuka kiganja kizima. Ya ishirini na sita ilihusu mzizi uliofumua njia mbele ya kanisa. Ya arobaini na moja ilikuwa na sentensi moja tu: "Nauliza kama hapo ofisini kuna mtu yeyote aliye hai." Wiki mbili tatu baada ya kila barua jibu lilikuja, lile lile, kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Ujana wake aliumaliza kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, akinyanyua manyoya ya mnyama mzima na kuyatandaza mezani kwa mtupo mmoja, na kazi ile ilimwachia mabega mapana na mdomo usiomwogopa mtu. Kisha kisukari kikamla mguu wa kulia, na baada ya miaka miwili kikarudi kuchukua wa kushoto. Mabega yakabaki, mdomo ukabaki, na kiti cha magurudumu ndicho kikawa miguu.

Kilichomuuma hasa hakikuwa posta wala kanisa. Dada yake mkubwa, Huhana, alikaa Mtaa wa Rata, mita mia nane kutoka kwake. Asubuhi za baridi Raiha aliweza kuuona moshi wa jiko la dada yake ukipanda juu ya mapaa. Huhana naye mapafu yalikuwa yamechoka. Alizunguka ndani ya nyumba akiburuta mtungi wa oksijeni, na lango lake la mbele ndilo lililokuwa mwisho wa dunia yake. Kati ya ndugu hao wawili kulikuwa na kona mbili zisizoshukika kwa magurudumu, reli ya zamani, na kidaraja cha mtaro kilichobomoka upande mmoja. Basi walionana Jumapili, ikiwa mpwa wao Tipene, dereva wa lori la magogo, yuko mjini na mgongo haumsumbui. Siku nyingine walipigiana simu kama watu waliotenganishwa na bahari.

Jumanne moja ya Februari, jua likiwa kali, mwanamume mwembamba mwenye miwani, Mfiji mwenye asili ya Kihindi, alisimama langoni kwa Raiha akiwa amekumbatia karatasi ndefu iliyoviringishwa. Shati lake lilikuwa na nembo ya halmashauri.

"Habari za mchana, Whaea," alisema, kwa jina la heshima ambalo mama wa watu huitwa kule. "Naitwa Vinesh Goundar. Natoka halmashauri, ofisi ya ramani."

"Ofisi ya ramani, na umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Kunikamata? Kwa barua ipi?"

"Zote," alisema Vinesh.

Raiha akageuza kiti na kumwachia mlango wazi. Vinesh alilisogeza birika pembeni, akaitandaza karatasi mezani, akazibana kona zake kwa vikombe. Ilikuwa ramani ya Orangitea, picha iliyopigwa kutoka angani, kila paa na kila mti ukionekana. Juu yake kulikuwa na vidoa vyekundu. Vilijazana kuzunguka posta, vikafuata barabara ya shule, vikakusanyika kwenye mtaro wa Mtaa wa Rata kama utitiri.

"Viko sitini na tatu," alisema Vinesh. "Kila kimoja ni barua yako. Nimezisoma zote na kuziweka mahali pake."

Raiha aliinama. Akaweka kidole juu ya kidoa cha posta, akakisogeza hadi kanisani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Walitaka kuzipeleka stoo, nikaziomba." Vinesh alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Whaea, ngoja nikuambie ukweli wa ofisini kwetu. Kwenye kompyuta tuna kila bomba la maji la wilaya hii, na mwaka lilipofukiwa. Tuna kila taa, kila kalavati. Miti ya barabarani tunajua hata umri wake. Lakini hatujui kama wewe unaweza kufika dukani. Kwenye ramani yetu, kutoka hapa hadi zahanati kuna mstari wa kijani. Maana yake, njia ipo, imekamilika."

"Imekamilika."

"Ndivyo inavyosema."

"Huyo aliyeichora alikuwa ndege?"

Vinesh alicheka, kisha akaeleza alichokuja kuomba. Alitaka wapite mji mzima pamoja, mtaa kwa mtaa. Kwenye kiti chake wangefunga simu ya kupima mtikisiko na mwinamo, na kifaa kidogo cha satelaiti cha kujua walipo, bila kukosea hata hatua moja. Yeye angepima vimo vya kingo na kupiga picha. Raiha angeamua rangi: kijani, anapita; njano, anapita kwa shida; nyekundu, hapiti.

"Madiwani barua hawazisomi," alisema. "Ramani wanaitazama."

"Na nani atanisukuma?"

"Mimi, ukitaka."

"Sitaki. Ukinisukuma, hiyo itakuwa ramani ya miguu yako. Njoo kesho saa mbili, na uvae kofia. Wewe Mfiji, lakini jua la hapa halichagui."

Walianza kesho yake. Raiha alijisukuma mbele, simu ikiwa imefungwa kwenye mkono wa kiti, naye Vinesh akafuata na kishikwambi chake na utepe wa kupimia. Siku za kwanza hakumwamini. Alidhani ni mchezo mpya wa ofisi, barua imepokelewa na inafanyiwa kazi, ila safari hii wamempa na mtu wa kutembea naye. Lakini kila jioni Vinesh alimwonyesha mitaa waliyopita, na rangi zilikuwa zilezile alizozisema yeye, bila hata moja kulainishwa.

Watu nao walizoea kuwaona. Mtaa wa Kauri, Tamati Ruru, aliyewahi kunyoa kondoo banda moja na Raiha, aliegemea uzio wake akiwa na kikombe cha chai.

"Raiha, nasikia umepewa upolisi wa mashimo."

"Ndiyo, na nimeanza na wewe. Hiyo gari yako imekalia njia."

"Imekaa hapo tangu mwaka juzi."

"Mfiji, andika nyekundu. Andika na jina lake."

"Majina hatuandiki, Whaea," alisema Vinesh.

"Basi andika, mzee mwenye kipara."

Tamati aliweka kikombe juu ya nguzo ya uzio, akaenda kulihamisha gari huku akinung'unika, na Vinesh akabadilisha rangi ikawa kijani. Raiha alicheka hadi kona ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka kumi na moja, kuona kitu kikirekebishwa siku ileile aliyokilalamikia.

Wiki ya tano walifika Mtaa wa Rata, baada ya Vinesh kukinyanyua kiti kwenye zile kona mbili na relini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kidaraja cha mtaro kilikuwa na utelezi. Vinesh alikuwa nyuma, kama hatua ishirini, akipiga picha ya kona. Raiha alikitazama kidaraja. Ng'ambo yake aliuona uzio wa dada yake, na juu ya uzio shuka jeupe limeanikwa. Hakukumbuka mara ya mwisho kulifikia lango lile kutokea upande huu. Akashika magurudumu, akajisukuma.

Gurudumu la mbele liliingia pale zege lilipomeguka. Kiti kikalala ubavu, naye akaporomoka hadi kwenye matope ya mtaro, mkono ukiwa chini yake na uso ukiwa umekwaruzwa na jiwe. Alisikia viatu vya Vinesh vikija mbio.

"Whaea. Whaea, usijitikise. Nakuja."

"Simama hapohapo."

"Unatoka damu."

"Najua natoka damu. Piga picha kwanza."

"Siwezi kukupiga picha ukiwa hivyo."

"Vinesh." Hakuwahi kumwita kwa jina lake kabla ya siku ile. "Nimewaandikia kuhusu daraja hili mara tisa. Piga picha, halafu uniinue."

Alipiga. Ya kwanza ikatoka na ukungu, Raiha akamwambia arudie. Kisha akashuka mtaroni na suruali yake ya ofisini, akamshika chini ya makwapa, na baada ya kuteleza mara mbili wakafika juu. Huhana alikuwa amesikia kelele. Alisimama kwenye lango lake, mkono mmoja ukiwa kwenye mpira wa oksijeni, ameshindwa kuja mbele na ameshindwa kurudi ndani. Walikuwa wameachana hatua thelathini.

"Umeumia, mdogo wangu?" aliita, na sauti ikamkatika katikati.

"Kidogo tu, dada. Ingia ndani, upepo huu si wako."

Lakini Huhana hakuingia. Alibaki pale hadi Vinesh alipokigeuza kiti na kuanza kumrudisha Raiha kwake, na siku hiyo Raiha hakukataa kusukumwa.

Mwezi Mei, alasiri ya Alhamisi, madiwani tisa na meya walikaa kwenye ukumbi wa halmashauri. Raiha aliketi mbele, na kovu jipya juu ya nyusi. Vinesh aliwaonyesha ukutani ramani ya zamani kwanza: mji mzima wa kijani, njia imekamilika kila mahali. Kisha akabonyeza, ikaja ile waliyoitengeneza wao. Mji ulikuwa umekatika vipandevipande. Kulikuwa na mitaa ya kijani inayoishia kwenye nyekundu pande zote, kama visiwa. Akabonyeza tena, zikatokea nyumba zinazokaliwa na watu waliopita miaka sabini, nukta ndogo za buluu. Thelathini na nane zilikuwa ndani ya visiwa.

Diwani mmoja, mfugaji mkubwa wa upande wa milimani, jina lake Colin Haldane, ndiye aliyejulikana kwa kupinga kila kitu kinachochimbwa mjini. Alivaa miwani yake, akasogea karibu na ukuta.

"Hii ya kona ya Kauri," alisema. "Hii nukta."

"Ndiyo, diwani."

"Ni nyumba ya mama yangu."

Haldane aliendelea kuitazama. "Tumekuwa tukimwambia atoke atoke, ajichanganye na watu," alisema. "Anasema hajisikii. Nilidhani hapendi tu."

Alirudi kwenye kiti chake. Vinesh alionyesha picha ya mtaroni mwisho, kwa ruhusa ya mwenyewe, na hakuieleza. Kisha akasema jambo ambalo hata Raiha hakulijua, kwa sababu alilimaliza usiku wa kuamkia siku ile. Mapungufu yote waliyoyapima yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Kuyatengeneza yote kungechukua miaka. Lakini kompyuta ilikuwa imepiga hesabu ya njia, ikatafuta ni sehemu zipi chache ambazo zikitengenezwa, visiwa vyote vinaungana na zahanati. Zilikuwa kumi na saba.

"Kumi na saba tu?" aliuliza meya.

"Kumi na saba. Na mpangilio wake ni huu, kuanzia ile inayofungulia watu wengi zaidi."

Orodha ikatokea. Raiha aliisoma kutoka juu. Posta ilikuwa ya pili. Kona ya Kauri ilikuwa ya tano. Kidaraja cha Mtaa wa Rata kilikuwa cha kumi na nne.

Mhandisi wa wilaya, mama mmoja mpole aitwaye Philippa Senior, alimgeukia. "Whaea Raiha, wewe ndiye umefanya kazi hii, na ndiye uliyeanguka pale. Tunaweza kukiweka daraja hicho cha kwanza. Sidhani kama kuna mtu atakayepinga."

Raiha alihisi macho yote yamemwelekea. Alimfikiria Huhana langoni. Alimfikiria pia mama yake Haldane, ambaye hakumfahamu, aliyekaa dirishani akisema hajisikii.

"Kiacheni palepale," alisema. "Kumi na nne si mbali. Miaka kumi na moja sikuwa hata kwenye orodha."

Wakapiga kura, mikono yote juu.

Kazi ilianza Juni, baridi ikiwa imeingia. Kila sehemu ilipokamilika, Vinesh alimpigia simu Raiha akaipite kwa kiti chake kabla rangi haijabadilishwa. Mara mbili alikataa. "Mteremko mkali huu," alimwambia msimamizi wa mafundi, "mnataka niruke kama ndege?" Wakavunja, wakamwaga upya. Wakati wa kona ya Kauri alimkuta pale bibi kizee mrefu, mwenye fimbo na koti zuri, akiwaangalia mafundi kwa furaha ya mtoto.

"Wewe ndiye wa barua?" bibi aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Mwanangu alinisomea moja. Kali sana." Bibi alishika mkono wa Raiha kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao. "Jumatatu nakwenda kwenye maktaba. Asante, mwanangu. Asante sana."

Raiha alifika nyumbani na mkono ule bado una joto.

Kidaraja kilimalizika Oktoba, Jumatano. Zege lilipokauka, Vinesh alipiga simu kusema yuko tayari kuja. Raiha akamwambia asije, hii ataipima mwenyewe. Akavaa koti, akafunga mlango, akatoka. Kona ya kwanza ikamshusha taratibu na kumpandisha upande wa pili. Relini walikuwa wameweka mpira mnene kuziba nafasi, magurudumu yakapita bila kelele. Kwenye kidaraja alisimama katikati na kutazama mtaro. Halafu akaendelea. Ilimchukua dakika kumi na sita.

Huhana alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu. Alisikia mlango.

"Tipene? Leo si Jumapili."

"Si Tipene."

Huhana aligeuka na kisu mkononi. Alichungulia nyuma ya mdogo wake, akatafuta gari barabarani.

"Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Huhana aliweka kisu chini. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, na Raiha akasogea hadi magoti ya dada yake yakagusana na kiti. Waligusanisha vipaji vya nyuso na pua, salamu ya kwao, wakakaa hivyo, oksijeni ikivuma polepole kati yao.

"Nikuwekee chai?" aliuliza Huhana hatimaye.

"Weka. Sina haraka. Hakuna anayenisubiri nje."

Tangu siku hiyo alikwenda karibu kila asubuhi. Na siku zisizo na upepo waligundua jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelifikiria: mtungi wa oksijeni uliweza kuning'inia nyuma ya kiti cha Raiha, na Huhana, akishika vishikio vyake, alipata kitu cha kuegemea. Hivyo mmoja akijisukuma na mwingine akijikokota, walifika hadi zahanati, wakipumzika mara nne njiani na kubishana mara tano.

Mwezi Novemba walimwalika Vinesh na mkewe Roshni chakula cha mchana kwa Huhana. Raiha alichemsha mifupa ya nguruwe na mboga za majini kwenye sufuria moja, na sufuria nyingine ikawa ya viazi na mboga tupu, kwa sababu alikuwa ameuliza mapema wageni wanakula nini. Roshni alikuja na dengu na chapati. Huhana alikula chapati tatu, pilipili ikamkohoza, akaomba ya nne.

Walipomaliza, Raiha aligonga kikombe kwa kijiko. Alianza kama desturi ya kwao inavyotaka, akawataja waliotangulia, akautaja mlima wao na mto wao. Kisha akasita.

"Kulalamika nimekuwa fundi," alisema. "Kushukuru sijazoea, mtanivumilia. Mimi niliandika nikidhani naongea na ukuta. Kumbe barua zilikuwa zinamsubiri mtu wa kuzisoma. Vinesh, umenirudishia dada yangu. Basi, nimemaliza."

Vinesh alitazama sahani yake. "Mimi ndiye ninayedaiwa shukrani," alisema. "Mama yangu yuko Labasa, kule Fiji. Alipata kiharusi miaka minne iliyopita, akawa wa kiti kama wewe, na nyumba yetu ina ngazi saba. Nilikuwa namtumia dawa, namtumia kila kitu. Ngazi sikuwahi kuzifikiria hadi nilipokuona wewe ukikwama kwenye kingo. Nikampigia kaka yangu. Mwezi uliopita amemjengea mteremko."

"Na anautumia?" aliuliza Huhana.

"Juzi alikwenda sokoni. Alinunua bilinganya."

"Mpigie," alisema Raiha.

"Sasa hivi?"

"Kwani amelala? Mpigie, tumwone."

Simu ikaita, ikapokelewa, na uso wa mama mmoja mwenye nywele nyeupe ukajaa kwenye kioo, karibu mno, jicho moja na nusu ya pua. Hakujua Kiingereza kingi, wala Raiha hakujua Kihindi, ikabidi Roshni akae katikati kutafsiri. Mama wa Labasa alisikiliza habari za nani ni nani, akatikisa kichwa, kisha akasema kitu kirefu.

"Anasema ameambiwa una kiti kizuri," Roshni alitafsiri. "Anauliza kama magurudumu ya mbele ni makubwa au madogo. Cha kwake kina madogo, yanazama kwenye mchanga."

"Mwambie ya kwangu ni makubwa," alisema Raiha, akaichukua simu na kuishusha hadi kwenye gurudumu ili mwenzake aone. "Mwambie adai yabadilishwe. Na kama hawamsikii, aniambie, nitamfundisha namna ya kuandika."